Chungu Kimoja, Mikono Minne

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu anasomea kompyuta. Katengeneza chombo cha kunusa makosa kwenye programu zinazofanya kazi kadhaa kwa mpigo. Nikamwambia sijaambulia kitu. Akasema, Babu, ni kama jana jikoni. Ulionja mchuzi, hauna chumvi, ukageuka kuitafuta. Bibi naye akaonja. Mkatia wote. Kila mmoja kafanya sawa, chungu kikaharibika. Nikasema aliyeharibu ni bibi yake. Kumbe bibi yake kasimama mlangoni. Lo!

Jumanne, 5 Machi
Keshokutwa jaribio. Wanafunzi kumi na wawili, programu moja, makosa manane yamepandwa humo makusudi. Sita watapewa chombo, chumba cha kushoto. Sita macho matupu, chumba cha kulia. Wa kushoto wakiona makosa mengi zaidi, mwalimu wake atamruhusu kumaliza shahada. Wasipowazidi wenzao, mwaka mzima umekwenda na maji. Mtoto hali, anatafuna kalamu.
Orodha ya majibu kaisahau chini ya kopo la sukari. Niliishia darasa la nne, lakini kunakili namba za mistari najua!

Alhamisi, 7 Machi
Katuomba tugawe chai. Mimi kushoto, bibi kulia. Bahati ya mtende! Kila kikombe nilikishusha na neno: kijana, hebu tazama mstari wa arobaini na moja. Mmoja akaniuliza kama mimi ni profesa. Nikasema nimestaafu.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Kushoto, wote nane kwa nane. Kulia, wote nane kwa nane! Mwalimu kasema chombo hakizidi macho matupu. Mjukuu kajifungia chumbani, analia.
Bibi kanivuta jikoni, kakiri. Eti aliwaonea huruma wale wa kulia, wamekaa kama yatima, hawana chombo. Orodha aliiona chini ya kopo la sukari. Nikafungua kinywa nimkaripie. Nikakumbuka kikaratasi kilicho mfukoni mwangu. Nikakohoa.

Jumamosi, 9 Machi
Bibi kanikokota, tumeungama wote wawili. Mjukuu, mchumba wangu mdogo, akacheka huku machozi yanamtoka. Kasema kosa alilolitafuta kwenye kompyuta mwaka mzima lilikuwa linamgawia chai. Akaenda kumweleza mwalimu. Kapewa nafasi moja tu, keshokutwa: wanafunzi wapya, makosa mapya. Tumeapa hatutagusa orodha. Niliapa kwa sauti kuliko bibi.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari sana. Nilipokosea nimepaona. Wa kushoto hawana haja na mimi, wana chombo. Wa kulia ndio wa kupelekewa majibu, ya uongo! Hiyo si kugusa orodha, ni kuipindua tu. Orodha mpya mjukuu kaificha ndani ya birika bovu. Nimeinakili kwa taabu, miwani yangu siioni. Bibi asijue, mdomo wake hauna kifuniko.
Yuko uani sasa hivi, kavaa miwani yangu, anaandika kitu. Mahitaji ya sokoni hayo.
Nimeonja mchuzi. Hauna chumvi. Ngoja nitie upesi kabla hajaingia.