Peremende za Harusi ya Oliver

Jumapili, 18 Agosti 1996

Monicah amekuja Uriri. Kutoka Homa Bay, na viatu vya kisigino, kwa kikao cha harusi tu! Eti ataoka keki ya Oliver. Keki ya ghorofa tatu. Mama mkwe alipiga kigelegele hata kabla ya kusikia habari za ghorofa.

Oliver ndiye kitindamimba wa boma hili, shemeji yetu sote. Lakini mimi Roselyn ndiye niliyemfulia sare za shule! Mimi nimeolewa na Jeremiah, mzaliwa wa kwanza. Monicah ameolewa na wa pili. Wake za ndugu huku huitana nyieka, mke mwenzangu. Akaniita nyieka kwa sauti tamu kabisa. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mwalimu Joash, emsii wa harusi, akasema siku yenyewe atataja kwenye spika jina la kila aliyefanya kazi kubwa. Monicah: keki. Mimi: sufuria. Sufuria! Yaani wakwe wote, watu wa bibi harusi kutoka Homa Bay, waende nyumbani wakijua mimi ni mtu wa sufuria. Nina wivu? Ndiyo, nina wivu. Shajara ni yangu.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimepata! Nilinunua mandazi sokoni, yamefungwa kwa gazeti la kizungu. Nikapangusa mafuta, nikaona picha ya harusi. Meza nzima ya peremende! Mabakuli ya kioo, rangi zote, wageni wanajichukulia wenyewe. Keki yao imefichwa huko nyuma, haionekani. Narudia: keki haionekani. Hata mandazi nilisahau kula.

Nikamweleza mama mkwe. Akauliza kama wakwe watasafiri kutoka Homa Bay waje wapewe chenji. Kwake yeye peremende ni kitu unachopewa dukani wakati mwenye duka hana sarafu. Nikamwambia ni mambo ya kisasa. Akasema mambo ya kisasa anayajua Monicah. Nikatoka nje kupumua.

Jumatano, 21 Agosti

Kazi inaendelea. Nina peremende za minti, tofi, njugu za sukari na vidonge vya simsim. Sukari nguru nimeikata vipande vidogo vidogo, maana hiyo ndiyo biashara yangu sokoni. Mabakuli nimeazima kwa jirani yangu Phelesia. Ameyapaka yote rangi ya kucha chini, nyekundu, ili yasipotelee harusini. Alikuwa akinitazama mimi huku akipaka.

Jeremiah amegundua tofi chini ya kitanda. Amekana. Amekana huku shavu moja limevimba! Halafu akanishauri niongee na Monicah, tupange meza zetu pamoja. Wanaume hawajui kitu.

Ijumaa, 23 Agosti

Keki imefika. Ilipakatwa na wanawake watatu nyuma ya pikapu, kila mmoja na ghorofa yake. Nzuri. Inaniuma kuandika hivyo. Ina maua ya sukari ambayo nilitaka kuyanusa. Monicah akaniuliza kama nahitaji msaada na meza yangu. Amejuaje? Mama mkwe, nani mwingine! Nikasema asante, asijisumbue. Anataka kuniibia.

Shida sasa ni nafasi. Wamenitupa kando ya tangi la maji, mahali ambapo hata mbuzi hawezi kuniona. Maharusi watakaa katikati ya hema, keki upande mmoja, meza ya zawadi upande mwingine. Kwa nini zawadi zikae pale? Blanketi lina haja gani ya kuonekana?

Basi. Wanawake walipokuwa jikoni wakichagua mchele, nilihamisha. Meza ya zawadi ikaenda tangini. Yangu ikakaa palepale kando ya bibi harusi. Kitambaa cheupe cha meza ya zawadi nilikiacha palepale, nikakitandika juu ya meza yangu. Hakuna aliyeona. Akili ninayo, nilichokosa ni keki tu.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika nikiwa stoo, juu ya gunia la makaa.

Asubuhi meza ilipendeza! Watu wakapita, wakatazama, wakasifu mapambo. Mapambo! Hakuna aliyegusa. Hilo sikulifikiria. Mgeni wa huku hajipakulii, anakaa anasubiri aletewe. Na wakwe ndio kabisa. Nani atanyoosha mkono achukue tofi mbele ya wakwe zake? Walikaa mikono mapajani, wameshika adabu. Hata watoto walikuwa wamekatazwa kwa macho.

Kisha Joash akatangaza zawadi. Akasema ziwekwe kwenye meza ya kitambaa cheupe, kando ya bibi harusi. Wakaja wakiimba na kucheza. Thamosi juu ya tofi. Blanketi juu ya njugu. Saa ya ukuta juu ya minti. Shangazi mmoja akamweka jogoo, mzima, amefungwa miguu, katikati ya simsim! Nikapunga mikono. Wakadhani nacheza, nao wakanipungia. Ningesema nini? Ningesema meza ya zawadi iko tangini, wangeuliza nani aliipeleka. Jogoo alikula simsim yote.

Ndipo Monicah akasimama. Akaondoa zawadi moja moja, akakusanya peremende zilizopona kwenye sinia, akaanza kupita kwa wakwe akiwahudumia, magoti yamekunjwa kidogo. Wakapokea kwa mikono miwili! Wazee wazima wa Homa Bay wakimumunya tofi wamefumba macho! Peremende zangu, mkono wake.

Halafu akaomba maikrofoni. Nikajua. Keki haikumtosha, sasa anataka na peremende. Akaanza polepole, ndugu zetu wa Homa Bay, karibuni sana, hivi vitamu mnavyokula... Mimi nilikuwa nimeshafika nyuma ya hema, kwenye betri ya gari inayoendesha spika. Nikashika waya wa spika, nikavuta.

Kimya! Lo, raha niliyoisikia.

Lakini waya ulikatika kabisa. Hotuba zilizofuata zilikuwa za kupigiwa kelele. Joash akakauka koo, akaacha orodha yake mezani. Hakutaja jina la mtu. Hata lile la sufuria.

Jumapili, 25 Agosti

Jeremiah alikuwa amekaa mbele kabisa. Anasema Monicah alisema vitamu vile vimeletwa na nyieka wake Roselyn, mwenye akili kutushinda sote, na watu wampigie makofi. Jina langu! Waliosikia ni wa mstari wa mbele. Anasema alilirudia jina langu mpaka sauti ikamkatika, lakini huko nyuma walikuwa wakiuliza spika imepatwa na nini. Akaniuliza kama najua nani alivuta waya. Nikasema labda ni jogoo.

Nikalia. Ndiyo, nimelia, jina langu lilikuwa mdomoni mwa spika na mimi ndiye niliyelinyonga.

Kisha nikafikiri vizuri. Kwa nini alianza na ndugu zetu wa Homa Bay? Kwa nini karibuni sana? Angeanza na Roselyn, jina lingetoka kabla sijaifikia betri! Alichelewesha makusudi. Mjanja sana yule mwanamke.

Kabla ya kuondoka aliniachia ghorofa nzima ya juu ya keki, na maua yake yote. Nimeila. Tamu ajabu. Nimezidi kukasirika.

Desemba anabatiza mtoto wake, huko kwake Homa Bay. Ameniomba nije na ile meza ya peremende. Eti kando yake mwenyewe, na Joash atanitaja wa kwanza kabisa. Nimekubali. Ila peremende sipeleki. Napeleka keki, ghorofa nne, mradi nipate mtu wa kunifundisha kuoka. Na Joash nimeshamuuliza betri itakaa wapi.