Tangi la Choo na Ujio wa Shangazi Konsolata

Ndugu zangu mliobaki Lubumbashi, barua hii isomeni mkiwa mmekaa. Aibu ya leo imenifika kwenye vifundo vya miguu. Nasema vifundo kwa sababu maji yaliishia hapo hapo.

Nianze na usingizi nilioukosa. Tangi la choo changu hapa Remera lilikuwa linavuja pale bomba linapoingia, tone, tone, tone, nami nimelala chali nikiwaza: nimwite fundi au nitengeneze mwenyewe? Mtu wa kawaida angejibu swali hilo na kugeukia ukuta. Mimi nililiitishia kikao. Nikimwita fundi, atakuja lini? Yule wa Gatsata niliyeelekezwa, akisema "kesho" huwa hasemi ni kesho ipi. Na je, akitokea saa ile ile ya wageni? Watamkuta mwanamume wasiyemjua, kichwa kimezama nyuma ya choo changu. Watasema nyumba inaoza. Nikitengeneza mwenyewe na kuharibu? Nisipofanya lolote? Hapo wataiona ndoo niliyoikinga chini ya tangi, na ndoo chini ya tangi ni shahidi asiyenyamaza.

(Mnanijua. Mimi ndiye niliyechelewa mtihani kwa kuwaza niingie kwa mlango upi.)

Wageni wenyewe hawakuwa wa mchezo. Beata, yule binti ambaye habari zake mmechoka kuzisoma, alikuwa analeta shangazi yake, Konsolata, aone ninavyoishi. Huku kwetu shangazi wa msichana akirudi nyumbani amekunja mdomo, hakuna ng'ombe wa mahari atakayepokelewa. Akirudi anatabasamu, wazee wataketi kukusikiliza. Kwa hiyo lile halikuwa tone la maji. Ilikuwa ndoa yangu inavuja.

Kulipopambazuka nikakata shauri. Nina shahada! Tangi la choo ni nini? Boya, bomba na nati. Nikaazima spana kwa jirani. Nikafunga koki ya bomba, nikafungua nati, nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakitoboa katikati, nikakivika kwenye bomba, nikazungusha uzi, nikakaza. Nikakaza tena. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, nikafanya majaribio. Nilichota maji kwenye pipa langu la akiba, nikajaza tangi kwa ndoo hadi juu (kungoja lijae lenyewe niliona ni kupoteza muda), nikatandika gazeti sakafuni, nikapiga magoti, nikatazama.

Hakuna tone!

Nikafungua koki mpaka mwisho. Hakuna tone! Nikalitikisa bomba. Nikalipiga kofi dogo la kirafiki. Gazeti kavu. Ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na wasiwasi na kitu chochote. Nilipiga mluzi. Nilipiga pasi shati huku nikiwahurumia watu wanaoita mafundi.

Wa kwanza kufika alikuwa Baba mdogo Tarsisi, kwa koti na kofia, maana kijana hapokei wakwe peke yake. Lazima awepo mtu mzima wa upande wake. Nikampeleka kuliona tangi kabla hata hajaketi.

"Umetengeneza wewe?"

"Mimi mwenyewe, Baba mdogo."

"Kwa mikono hiyo?"

"Hii hii."

Akaitazama mikono yangu. Akalitazama tangi. "Mungu ni mkubwa," akasema, na sikujua kati yetu ni nani aliyekuwa anasifiwa.

Wageni wakaingia. Shangazi Konsolata ni mwanamke mrefu, mnyoofu, na leo alikuwa amevaa umushanana wa zambarau, ile nguo yetu ya heshima inayofungwa juu ya bega. Ameishi Bukavu miaka mingi, kwa hiyo alipotaka kunipima alinipima kwa Kiswahili. Aliketi. Alitazama mapazia, dari, vikombe. Akanywa fanta yake yote, taratibu.

"Nyumba iko safi," akasema.

"Tunajitahidi, Shangazi."

"Nani anafagia?"

"Mimi."

"Kupika?"

"Mimi."

"Na vitu vikiharibika?"

Swali lile lilitoka mbinguni, msinibishie. "Natengeneza mwenyewe," nikasema, nikinyoosha kola. "Hata leo asubuhi nimetengeneza kitu fulani." (Kitu gani, singeweza kutamka. Mbele ya wakwe mtu hana tumbo, na nyumba yake haina choo.)

Beata alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeshinda mnada. Shangazi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama hakimu aliyeridhika. Nikammiminia fanta ya pili. Laiti ningemnyima!

Baada ya muda Shangazi alimwinamia Beata na kumnong'oneza. Beata akainuka naye, wakaingia ukumbini, Beata akarudi peke yake. Mimi na Baba mdogo tulikuwa tunaichunguza dari. Hiyo ndiyo adabu. Shangazi, ambaye kwetu ni mama mkwe, hakuinuka. Hakwenda popote. Kama kiti chake kilionekana kitupu, yalikuwa ni macho yetu mabovu.

Ndipo nje kukalipuka kelele. Vigelegele, madumu yakigongana, wanawake wakiitana ua kwa ua: "Amazi yaje! Maji yamekuja!"

Mtaa mzima ukashangilia. Beata, msichana aliyelelewa vizuri, alinyakua madumu yangu mawili na kukimbilia bomba la uani kuwahi foleni. Katika Remera yote mtu mmoja tu hakufurahi. Nilikuwa nimekaa na glasi mkononi, akili yangu ikirudi kinyumenyume kama gari lililokosa breki. Maji yamekuja. Kama yamekuja, basi yalikuwa yamekatika. Kama yalikuwa yamekatika, basi asubuhi, nilipofungua koki mpaka mwisho...

Pa!

Kisha shhhhhhh, kama treni ya huko kwenu ikitoa mvuke.

Baba mdogo aliinua glasi yake. "Mvua za mwaka huu," akasema.

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Zimechelewa."

"Zimechelewa kweli."

Chooni hakuna aliyepiga kelele. Hata kikohozi. Ni ule mlio tu, mara mkubwa, mara umebanwa, kama mtu anayemziba nyoka mdomo. Halafu maji yakatokea chini ya mlango. Yakapita ukumbini bila haraka. Yakaingia sebuleni kama mgeni aliyekaribishwa. Yalipofika kwenye viatu vya Baba mdogo, aliinua mguu wa kulia, akaendelea na habari za maharage ya nyumbani. Punde akainua na wa kushoto.

"Baba mdogo," nikanong'ona, "maji."

"Maji gani?"

"Haya."

"Mimi sioni maji," akasema, miguu yake yote miwili ikiwa hewani. "Nikiona maji, itabidi niulize yanatoka wapi. Nikiuliza yanatoka wapi, nitajua mama yule aliko. Sasa mimi, mtu mzima, nijue aliko?"

Nilikimbilia dirishani kumwita Beata, maana yeye ni mwanamke na angeweza kugonga ule mlango bila dunia kupasuka. Nikapunga mikono yote miwili. Beata, katikati ya zile kelele, akanipungia pia kwa furaha na kunionyesha dumu: limejaa!

Nikarudi ukumbini, soksi zimelowa, nikaanza kuwaza. (Naam, hata hapo.) Nikigonga, nitakuwa nimejua kwamba yumo. Akijua kwamba najua, hatanitazama tena usoni, na mtu asiyeweza kukutazama usoni hakupi binti. Nisipogonga, ataendelea kulowa mpaka jioni kwa ajili ya heshima yangu. Nikagonga.

"Shangazi?"

Shhhhh.

"Shangazi, ni mimi, Visenti."

Sauti ikatoka, tulivu kabisa. "Mimi simo humu."

"Najua, Shangazi."

"Vizuri."

"Lakini kama ungekuwemo, kuna koki chini, upande wa kushoto wa tangi."

Akafikiri kidogo. "Kama ningekuwemo, mikono yangu yote miwili ingekuwa imeziba bomba lako."

"Basi liachie, Shangazi, uinamie koki."

"Nikiliachia litanipiga usoni."

"Kama ungekuwemo."

"Usinichekeshe, kijana! Nikicheka mkono utateleza!"

Kutoka sebuleni Baba mdogo akaita, "Visenti! Unazungumza na nani?"

"Sizungumzi na mtu, Baba mdogo!"

"Sawa! Mwambie ageuze kwa kulia!"

Kilichofuata nilikisikia tu. Mlio ulifunguka wote kwa mpigo, kitu kikaanguka, likatamkwa neno moja la Kinyarwanda ambalo sitaliandika kwa sababu barua hii mtaisoma kwa sauti, kisha koki ikalia kwiii. Kukawa shwari. Komeo likafunguka.

Shangazi Konsolata alitoka. Umushanana ulikuwa umemganda mwilini kama jani la mgomba baada ya mvua. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nywele hadi puani, lakini shingo ilikuwa imesimama vile vile alivyoingia nayo. Kati ya vidole viwili alishika kipande changu cha mpira.

"Hii ni nini?"

"Mpira, Shangazi. Wa baiskeli."

"Na baiskeli sasa inatumia nini? Choo?"

Kabla sijajibu Beata akaingia na madumu mawili, uso unang'aa. "Maji yamekuja!"

"Tumeona," akasema Shangazi.

Sasa avae nini? Nyumbani kwangu hakuna hata khanga moja (na namshukuru Mungu, maana ingekuwepo ningeulizwa ni ya nani). Suruali yangu? Msinitanie. Shuka? Alilitazama mara moja tu, nikalikunja. Vazi pekee refu, pana na la heshima katika nyumba ile lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu: joho langu la mahafali, lile jeusi tulilopigia picha pamoja. Beata akaingia naye chumbani. Mlango ulipofunguliwa, Shangazi Konsolata akatoka ndani ya joho, mikono mipana, kifua mbele. Baba mdogo alisimama na kuvua kofia. Nadhani hata mwenyewe hakujua kwa nini.

"Tunaaga," akasema Shangazi.

Hapo ndipo pagumu. Kwetu mgeni husindikizwa. Ukiagana naye mlangoni ni kama umemfukuza. Lakini kumsindikiza maana yake ni kutembea naye mchana kweupe hadi kituo cha basi, yeye akiwa amevaa hivyo, huku mtu fulani akibeba beseni lenye umushanana uliolowa. Na mkwe kubeba nguo za mama mkwe ni jambo ambalo sijawahi kulisikia hata kwa wendawazimu. Nilihisi kikao kinaanza kukusanyika kichwani mwangu, wajumbe wanavuta viti. Beata akainama kulichukua beseni.

Nikalichukua kabla yake. Nikalitwika kichwani, nikatoka nje. Nyuma yangu nilimsikia Baba mdogo akimwomba Bikira Maria.

Tulipita Remera hivyo. Shangazi mbele, joho linapepea. Mimi nyuma yake, maji ya umushanana yakinidondokea ndani ya kola niliyoipiga pasi. Beata wa mwisho, amejiziba mdomo. Watu walikuwa wanatupisha. Kituoni mama mmoja muuza ndizi aliinuka kabisa.

"Hongera, mama! Kumbe masomo hayana uzee!"

Nilifumba macho. Shangazi akasimama, akainamisha kichwa kidogo. "Asante."

"Umesomea nini?"

"Maji."

"Eeh! Kazi nzuri hiyo. Na huyu mwenye beseni?"

Shangazi aligeuka, akanitazama kuanzia kwenye beseni hadi kwenye viatu. Nilitamani lile beseni lingekuwa kubwa zaidi, nijifunike nalo.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema. "Yeye alifeli."

Muuza ndizi alicheka. Beata alicheka mpaka akashika nguzo. Na mimi, ndugu zangu, ndiyo kwanza nikaanza kulisikia lile neno lililotangulia. Mkwe! Mbele ya watu! Basi likaja, Shangazi akapanda, akapewa nafasi ya mbele kama profesa, akaondoka na beseni langu na joho langu.

Sikurudi nyumbani. Sikuwaza hata kidogo. Nilishuka moja kwa moja hadi Gatsata na viatu vinavyolia pwacha pwacha, nikamkuta yule fundi anakula, akaniambia, "Kesho." Nikaketi mbele ya sahani yake mpaka akaona aibu ya kumeza. Ninapoandika hivi yumo chooni anagonga, na mimi nimekaa sebuleni mikono mapajani. Sijagusa chochote.

Chekeni basi, lakini mmoja wenu ajiandae kuniazima joho siku nikifaulu kwa wakwe. Langu limepata kazi.

Wenu,
Visenti