Injini ya Baba Inazurura na Mitungi ya Gesi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Pikipiki.

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA INJINI YA MAREHEMU BABA, AU MTU ANAYEIENDESHA

Mheshimiwa, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana yaliyomo hayasomwi kwa kusimama. Mimi ni fundi cherehani wa kona ya saluni, yule mwenye suti yako. Suti iko mbioni, usiwe na wasiwasi. Barua hii haihusu suti.

Namlalamikia mwanachama wako, fundi injini ambaye mtaa mzima unamwita Dakika Mbili. Najua ni mtoto wa dada yako. Najua pia watu wanasema kesi ya nyani nimempelekea ngedere. Nimewajibu kuwa wewe ni mtu wa haki, na tena dirisha la ofisi yako linatazama gereji yake, kwa hiyo ushahidi unauona bila kuinuka kitini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa pili nilimpelekea pikipiki aliyoniachia marehemu baba. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo: ilikuwa inakula oili, inataka ringi za pistoni, basi. Dakika Mbili aliinamisha sikio, akafumba macho kama daktari, akasema ni kazi ya dakika mbili. Leo tuko mwezi wa tisa.

2. Injini ilishushwa siku ile ile, ikafunguliwa, ikatandazwa juu ya boksi la televisheni, vyuma vingi mpaka nikaogopa kupiga chafya. Wiki iliyofuata vyuma vilikuwa vimepungua. Nilipouliza, akaniambia kabureta amempa mtu mwenye haraka. Wiki ya tatu plagi nayo ilikuwa imeondoka, imekwenda kuitafuta kabureta. Mheshimiwa, nimechunguza: kila pikipiki inayotoka gereji ile imevaa kitu cha pikipiki iliyolala, na inayolala inasubiri kuvishwa kitu cha itakayokuja. Yeye haiiti tabia hiyo wizi. Anaiita kusaidiana.

Naomba nisieleweke vibaya. Hata sisi wa nguo dharura tunazo. Kwa mfano, bitana ya koti lako ililazimika kwenda kwenye koti la bwana harusi ambaye ndoa ilikuwa saa nane mchana. Lakini bitana ni bitana. Koti halina moyo, Mheshimiwa.

3. Simu. Nikimpigia asubuhi yuko njiani kwenda gereji, nikimpigia mchana yuko njiani kutoka. Siku moja nilimpigia nikiwa nimesimama nyuma yake. Nikamwona anaitazama simu, anailaza kifudifudi kwenye kiti cha pikipiki yangu, anaendelea na soda yake. Miezi minne yote, hadi mwezi wa sita, sikwenda kwa mama, kwa kukosa usafiri.

4. Mwezi wa sita akaniita kwa furaha: tayari. Pikipiki imeoshwa, tairi zimepakwa rangi nyeusi, kiki moja tu ikawaka. Nilimkumbatia, jambo ninalolijutia kwa sababu shati lile halijatakata hadi leo. Injini ilikuwa inanguruma kwa adabu, taratibu, kama cherehani mpya. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Maana injini ya baba haikuwa na adabu hata chembe. Baba alisambaza mikate kwa pikipiki ile miaka ishirini na miwili. Ilikuwa inakwenda tu-tu-tu, ikipunguza mwendo kwenye kona inakohoa mara mbili, na ukishazima na kuchomoa ufunguo inakohoa mara ya tatu, kwa ubishi tu. Mama aliisikia akiwa jikoni, na baba akifika, geti liko wazi. Katika miaka yote hiyo baba hakuwahi kupiga honi nyumbani kwake. Alipofariki nikawa naiendesha mimi, Jumapili, kwenda kumwamkia mama, na geti likawa linafunguka vile vile. Mama akili zake ni timamu, anajua ni mimi. Lakini geti linapofunguka, kabla hajaniona vizuri, huwa anatabasamu tabasamu ambalo si la kwangu. Hilo tabasamu, Mheshimiwa, ndilo ninalodai. Vyuma vingine Dakika Mbili atajua mwenyewe.

5. Jumapili ile nilifika kwa mama na injini yangu yenye adabu. Geti limefungwa. Nikapiga honi mara tatu kama mpita njia aliyepotea. Mama akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi, akachungulia, akauliza nani mwenzangu. Mimi, mtoto wake wa kumzaa! Nilikunywa chai ile bila kujua kama ina sukari.

6. Nilirudi kwa Dakika Mbili. Aliapa, mkono juu ya tangi, kwamba injini ni ile ile ila imepumzika. Nikaamini wiki mbili nzima, maana mimi ni mpole. Kisha siku moja, nikiwa nampima mteja kifua, nikamsikia baba anapita nje. Tu-tu-tu, kona, kikohozi, kikohozi. Nilimwacha mteja na pini kwapani, nikatoka mbio na futi shingoni. Nilimkamata kwenye tuta: muuza gesi, mitungi miwili nyuma yake. Yule bwana hana hatia. Aliambiwa amefungiwa injini nzuri iliyokuwa haina mwenyewe, na yake ya zamani ilikuwa mpole mno kwa mizigo. Kwa ufupi, Mheshimiwa, mimi naendesha injini ya muuza gesi, na muuza gesi anamwendesha baba yangu.

Kwa hayo yote, naomba Chama kiamue kama ifuatavyo:

(a) Injini irudishwe. Nimeshakwenda gereji mara kumi na moja kwa ajili hiyo. Dakika Mbili anasema injini zote mbili zimeshazoea zilipo, na kuzihamisha ni kuzionea.

(b) Kama (a) haiwezekani, nikabidhiwe muuza gesi mwenyewe kila Jumapili, akiwa juu ya pikipiki yake, nimwongoze hadi kwa mama. Atalishwa vizuri. Mitungi aiache nje.

(c) Kama mke wa muuza gesi atapinga (b), na nasikia ameshaanza, basi Dakika Mbili asimame kila Jumapili saa nne kwenye kona ya mama, atoe mlio ule kwa mdomo wake mwenyewe. Nimeshamjaribu. Anauweza vizuri sana, ila kikohozi cha tatu anakiwahisha. Chama kimpe mafunzo.

(d) Kama yote hayo yatashindikana, Chama kimwandikie mama barua ya kumweleza. Mimi nimeshindwa. Hadi sasa namwambia injini bado inajizoeza ringi mpya, na kila nikisema hivyo ananitazama tu. Inaniuma, Mheshimiwa. Baba aliniachia kitu kimoja chenye sauti, nami nikakipeleka mwenyewe kwa miguu yangu kwenda kupotezwa.

Nisalimie wajumbe wote wa Chama, nisalimie shangazi nyumbani, nisalimie mlinzi wenu aliyenizoea. Dakika Mbili naye ana salamu zake kwangu, aje azichukue, zitakuwa tayari muda si mrefu.

Wako ninayesubiri,
Fundi cherehani wa kona ya saluni,
mtoto wa marehemu Muuza Mikate.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nimeileta kwa mama aisikie, aweke sahihi kama shahidi. Alisikiliza hadi mwisho. Kwenye (c) alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniomba nisiipeleke. Nikataka kujua kwa nini, na hapo ndipo nilipoona mitungi mitatu ya gesi imepangwa ukutani, nyumba ya mtu mmoja anayepika chungu kimoja kwa siku. Kumbe anajua tangu mwezi wa sita.

Akaniambia, "Baba yako sasa anapita hapa kila siku saa nne. Wewe ulikuwa unaniletea Jumapili, tena si kila Jumapili. Iache huko huko. Wewe njoo hata kwa miguu."

Kwa hiyo Mheshimiwa, namba 1 hadi 6 uzifute, na (a) hadi (d) pia. Badala yake naomba Chama kitoe amri kwamba injini ya muuza gesi isiguswe na fundi yeyote, hata ikimwaga oili barabarani, na asitokee mtu wa kuitibu kikohozi. Pikipiki yangu ilizimika juzi na iko kwa Dakika Mbili. Anasema ni kazi ya dakika mbili. Mwambie asijisumbue kuharakisha.

Nyongeza hii naiandika mezani kwa mama. Nimekuja kwa miguu, na leo ni Jumanne.