Utumbo Wenye Hasira za Karibu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenipa daftari hili. Mistari mipana, kama la darasa la pili. Kwa wiki moja niandike kila ninachokula, kila ninachofanya, na tumbo limejibu nini. Vipimo vyote safi. Hakuna kidonda, hakuna mdudu. Anasema utumbo wangu una hasira za karibu, basi. Sababu yenyewe haijulikani vizuri. Wengine huanza baada ya kuharisha vibaya, wengine huchokozwa na maharage, vitunguu, maziwa au kahawa. Tena utumbo na ubongo husemezana kutwa nzima, na vya kwangu havielewani. Akauliza kama kuna jambo linalonisumbua kazini. Nikasema hakuna kabisa. Kisha nikamweleza habari za Ramani kwa dakika ishirini.

Ramani ni mwalimu wa Jiografia. Mimi ni wa Hesabu. Sote tunautaka ukuu wa mitihani wa shule, na Mwalimu Mkuu atachagua mmoja wetu baada ya mtihani wa Ijumaa. Mtihani wa masaa matatu, tunausimamia pamoja. Sheria ya ukumbi: msimamizi hatoki mpaka kengele ya mwisho. Masaa matatu! Mimi siku hizi sifikishi dakika arobaini.

Mwaka jana Ramani alinishinda uchaguzi wa kamati ya walimu kwa kura moja. Kura yangu. Nilimpigia nikidhani naye atanipigia. Tumbo lilianza wiki ile ile. Ni wazi ilikuwa ile soda ya siku ya uchaguzi.

Safari hii sikubali. Nitamkamata chakula mwenye hatia, nimfukuze nyumbani kwangu, halafu nimfanyizie Ramani mpaka ajute kuzaliwa. (Tumbo limenguruma nikiandika sentensi hiyo. Chakula cha jioni: maharage. Tumeshaanza kumpata mwizi!)

Jumanne, 4 Machi

Maharage marufuku. Nimekula wali mtupu na karoti za kuchemsha, chakula cha mtu asiye na maadui. Tumbo kimya mpaka saa nane.

Saa nane Ramani alivua saa yake ya mkononi ili anawe chaki. Akili yangu ikafanya kazi! Niirudishe nyuma dakika tano. Msimamizi mwenye saa mbovu, nani atamkabidhi mitihani? Nimeishika tu, tumbo likapinduka. Nikatoka mguu niponye, saa ya watu mkononi. Niko chooni, mlango ukagongwa. Ramani. Anauliza kwa upole kama kuna aliyeiona saa yake. Nikamjibu hapana, kwa sauti nzito isiyo yangu. Akasema asante, Mwalimu, na pole kwa tumbo. Sijui alinitambuaje.

Saa nimemwachia kwenye sinki. Kazi niliimaliza humo humo chooni, ila kwa ule wasiwasi niliyoirudisha nyuma ni saa yangu mwenyewe. Nimechelewa kipindi cha mwisho kwa dakika tano. Si kitu. Siku imezaa matunda: mwenye hatia ni karoti.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi mkate mkavu na chai ya rangi. Maziwa nimeyafungia vioo.

Leo nimempiga Ramani bao la kichwa. Nimechora upya mpangilio wa ukumbi, meza ya wasimamizi nikaihamishia kwenye mlango wa nyuma. Kutoka hapo hadi choo cha walimu ni hatua kumi na moja. Nimezipima mara tatu, mara moja nikikimbia. Kwenye maelezo nikaandika kwamba ni kwa ajili ya hewa ya kutosha kwa watahiniwa. Mwalimu Mkuu akanisifu mbele ya kikao kizima! Alisema huyu ndiye mwalimu anayewafikiria watoto. Walimu wakapiga makofi. Ramani alipiga kuliko wote, mnafiki.

Kisha Mwalimu Mkuu akasema kwa kuwa meza iko mlangoni, mlango wenyewe ufungwe, wasije wakapenyezewa majibu. Ramani akanyoosha mkono, akaomba ufunguo akae nao yeye. Akapewa.

Kikao kilimalizika bila mimi. Chai ya rangi! Nani angedhani?

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ajabu. Ramani amepeleka wanafunzi wake kuangalia mto, na mimi nimejifungia ukumbini kusahihisha madaftari arobaini. Nilikaa masaa matatu na dakika kumi bila kunyanyuka. Nilijikuta napiga mluzi. Na mchana nilikuwa nimepitiwa, nikala bakuli zima la maharage yenye vitunguu!

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akaacha kukunja nguo, akaniangalia. Akasema baba watoto, leo hukuwa na mtu wa kumchimba, ndiyo maana tumbo limelala. Akauliza kweli mwenyewe sikuliona hilo. Nimeliona, tena vizuri sana. Ni kiti! Kile kiti cha mbao cha ukumbini, chenye mgongo ulionyooka, kinapanga utumbo. Nimerudi shuleni jioni kukiwekea alama ya chaki kwa chini. Kesho ni changu.

Ijumaa, 7 Machi

USHINDI! Lakini niandike kwa utaratibu.

Kengele ikalia, nikakaa kwenye kiti changu. Saa ya kwanza, shwari. Saa ya pili, shwari, nikawa najiona na ofisi yangu, na rundo la funguo kiunoni. Ndipo nikamwona Ramani anapiga miayo. Nafasi ya dhahabu! Nikavuta fomu ya matukio, nikaandika: Msimamizi mwenzangu amepiga miayo mara nne, jambo linaloweza kuwavunja moyo watahiniwa. Sikufika kwenye nukta. Tumbo! Nikajikaza kisabuni. Jasho jembamba likanitoka. Zimebaki dakika arobaini, mlango umefungwa, na ufunguo anao yule yule niliyekuwa namwandikia mashtaka.

Nilimfuata nikitembea kama nina yai katikati ya magoti. Nikamnong'oneza. Kabla sijamaliza alishafungua. Akanipa karatasi laini kutoka mfukoni mwake, akasema nenda Mwalimu, nakushikia. Kisha akainama sikioni mwangu, akasema naye anao ugonjwa huu huu, tangu siku aliyochaguliwa kwenye kamati. Ndiyo sababu aliuomba ufunguo.

Nilirudi baada ya dakika saba. Hakumwambia mtu. Mwisho wa mtihani akanirudishia ile fomu, ameikunja mara mbili, akasema nimeisahau mezani. Niliona haya. Haya kweli kweli, kwa dakika nzima.

Halafu Mwalimu Mkuu akatuita. Ramani akawahi kusema. Anajitoa, daktari wake amemshauri apunguze mizigo ya kichwani, na kwa maoni yake mimi naiweza kazi hii. MKUU WA MITIHANI NI MIMI! Miezi mingapi nimemfukuzia yule mtu, na leo amesalimu amri mwenyewe. Mbinu zangu zimemchosha. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Kwa furaha, bila shaka.

Jumapili, 9 Machi

Kesho daktari anataka daftari. Haiwezekani asome mambo ya saa na miayo. Nimepanga kunakili jipya, safi, lenye vyakula tu, na karoti nizipe makosa yote. Nilipofika Jumanne tumbo likanivuruga. Nimeacha. Hii itakuwa ndizi ya asubuhi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikuwa kwenye benchi la zahanati nikifikiria jinsi ya kusema daftari limelowa mvua, ikabidi nikimbie. Daftari likabaki benchini. Niliporudi, muuguzi alishalipeleka ndani, na daktari alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Kalamu nyekundu mkononi!

Nikafunguliwa daftari mbele yangu. Pembeni ya Jumatatu, alama ya vema. Sentensi ya kumfanyizia Ramani. Jumanne, vema kwenye saa. Jumatano, vema kwenye mlango. Ijumaa, vema kwenye miayo. Jumapili, vema kwenye kunakili. Miaka kumi na tisa natia vema kwenye madaftari ya watu, najua maana yake. Mipango mitano, vema tano. Tano kwa tano! Sijawahi kupata asilimia mia tangu nizaliwe.

Daktari aliongea kirefu. Kitu kama kwamba kila vema ni mahali tumbo lilipovurugika, na kwamba Alhamisi haina vema japo nilikula maharage. Nikamweleza habari ya kiti. Akafumba macho kidogo. Akaniandikia dawa: siku saba bila kumpangia mtu yeyote jambo lolote.

Nimeipokea kwa mikono miwili. Ila mlangoni nimepishana na Ramani anaingia, na kwapani ana daftari. Mistari mipana, kama langu. Kumbe daktari wetu ni mmoja!

Haiwezekani yule apone kabla yangu. Nimeshaandaa mpango wa hatua kumi na mbili wa kukaa siku saba bila mpango. Hatua ya kwanza: kujua Ramani anakula nini. Hatua ya pili: karoti zimfikie.

Tumbo limeanza. Nimeacha nafasi pembeni hapa, kwa ajili ya vema ya sita.