Benchi la Watu Wawili

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kaenda tena kwa jirani. Kila jioni siku hizi! Anabeba kikombe chake cha chai, anapita penye uwazi wa ua, anaketi bustanini kwa Bwana Mito. Jina hilo nimempa mimi, maana kila kiti chake cha nje kina mto, na kila mto una maua. Huko anapiga soga na mke wa Bwana Mito mpaka mbu wamfukuze. Mimi nabaki na redio.

Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Namkosa. Nilistaafu ili nikae naye!

Mpango: benchi la watu wawili, bustanini kwetu, kwa vitu vilivyokwisha kazi. Mambo ya kununua namwachia Bwana Mito.

Jumanne, 5 Machi
Muuza saruji kanipa zile chaga za mbao anazopangia mifuko. Bure! Nimezibeba kichwani mwenyewe. Bwana Mito akachungulia juu ya ua, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia nahitaji nafasi.

Mbao safi, ila hazina miguu. Nikatupa jicho chumba cha kulia. Viti vinne, walaji wawili. Huu si ufujaji? Vile viwili vya dirishani vimestaafu leo, kama mimi.

Jumatano, 6 Machi
Benchi limesimama. Nikaketi. Likalala. Mimi chini, mbao juu. Bwana Mito akaja mbio, akaninyanyua, akanipangusa vumbi mgongoni. Jirani gani huyu asiyejua kukaa kwake!

Kasoro nimeigundua: mguu mmoja umepasuka, mwingine mfupi. Basi nikang'oa na miguu ya vile viti viwili vilivyobaki, nipate ya kuchagua.

Mke wangu akauliza tutakula wapi. Nikasema kwenye kochi, kama watu wa kisasa. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ananipenda huyu, hawezi kuficha. Kisha akachukua chai yake, akaenda kwa jirani.

Alhamisi, 7 Machi
Benchi sasa imara, ila gumu. Nimekaa dakika chache nikainuka natembea kama bata. Ndiyo maana haji! Anataka pa laini. Nikafumua kochi, nikatoa sponji yote, nikaipigilia misumari juu ya mbao. Kazi safi kabisa. Roho kwatu.

Mke wangu akaingia sebuleni na chai mkononi, akasimama katikati ya chumba. Akauliza akae wapi. Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri! Nikavuta pazia kwa mbwembwe nimwonyeshe benchi lake.

Mvua ilikuwa imeanza. Sponji imekunywa yote. Chai kainywa amesimama, kaegemea friji.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejibanza nyuma ya ua na jembe, nikijifanya napalilia. Nilitaka kujua wanaongea nini huko. Nikamsikia mke wangu akimwambia mke wa Bwana Mito kwamba mume wake ni mtu mwema sana, hajapata kuona mwema kama yeye.

Machozi yakanilenga! Akaendelea na habari za nyumba kwisha mahali pa kukaa, sijui nini na nini. Sikusikiliza. Mtu akishaambiwa ni mwema anataka nini tena?

Jumapili, 10 Machi
Siku ya siku! Jioni mke wangu hakwenda popote. Alikuja bustanini, na nyuma yake Bwana Mito amebeba kiti chake kimoja, pamoja na mto. Zawadi, eti. Nikavimba. Lakini mke wangu akakiweka kando ya benchi langu, akaketi, akapuliza chai yake.

Akaniambia kule kwa jirani alikuwa anafuata pa kuegemeza mgongo tu, mtu wa kuongea naye yuko huku. Nikaketi kwenye benchi langu, kando yake. Sponji ilikuwa bado mbichi, suruali imelowa yote, na sikuinuka hata mara moja. Tumeongea, tumecheka, mbu wametula wote wawili. Mwisho akaniomba jambo moja tu: kuanzia leo nisiguse kiti chochote. Nikaapa kwa mikono miwili.

Jumatatu, 11 Machi
Mke wangu kaenda kusukwa. Nimekaa peke yangu bustanini, nikaona jambo ambalo jana furaha ilinificha. Kile kiti ni cha mtu mmoja! Yeye juu kule, mimi chini huku, katikati uwazi wa kupita mbuzi. Jioni zetu zote ziende hivyo? Hapana. Mke wangu anastahili bega kwa bega.

Benchi halijapungukiwa na mengi. Mahali pa kuegemea tu, na pa kuwekea mkono. Na kiti cha Bwana Mito, lazima nikiri, kina mgongo mzuri sana.

Atafurahi huyu! Upande wa kushoto umeshatoka.