Matone Chini ya Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe anauza gari! Lile jekundu la spoti, milango miwili, viti viwili. Alilinunua jipya kwa mshahara wake wa ukunga kabla mke wangu hajazaliwa, na hajawahi kumwachia mtu usukani. Hata marehemu mumewe alikuwa abiria tu. Anataka nilikague, nimwambie bei ya haki. Kwa kuwa nipo ofisi ya bima, ukoo mzima unaamini najua magari. Kazi yangu ni kugonga mihuri! Sikukanusha.

Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, muuza matairi, naye analitaka. Nimemkuta akilipapasa boneti huku akitabasamu peke yake. Hapati kitu. Litakuwa langu, tena kwa bei ya baiskeli. Ninachoogopa ni kimoja: mama mkwe mwenyewe. Akinikazia macho yale, nasahau hata jina langu.

Jumanne, 4 Juni

Shikamoo nimetoa kwa sauti ya kitoto. Nikaomba chai ili aondoke. Nikajitupa chini ya gari na kichupa cha oili chafu, nikamwaga matone kadhaa sakafuni. Safi! Mara viatu vyake vikatua kando ya pua yangu.

Akauliza nafanya nini huko. Nikasema nasikiliza. Akauliza nasikiliza nini na injini imezimwa. Jasho jembamba! Nikasema kimya chenyewe hakijanipendeza.

Nikatoka, nikamwonyesha matone. Nikatia chumvi: breki zimechoka, chasisi imeliwa na kutu, gari hili litaua mtu. Thamani yake ni ya vyuma tu. Ila mimi, kwa mapenzi ya kifamilia, naweza kumtua mzigo huo. Akanishukuru, tena mara mbili. Mbona alishukuru vile?

Kizibo cha kichupa kililegea, mfuko mzima wa suruali umelowa. Mke wangu ameuliza ni nini. Nimesema wino. Akanusa.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Mama mkwe ameniamini kupita kiasi. Mke wangu anasema mama hawezi kumuuzia mtoto wa mtu kitu kinachoua, wala mimi hataki nife. Amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje alikatekate kesho. Na amelia. Roho iliniuma. Kisha ikaniuma zaidi: gari langu!

Nikakimbia kwake. Nikasema nimefikiri upya, gari ni zima kabisa, matone yale pengine ni ya mvua.

“Mvua nyeusi, mwanangu?” Akachukua funguo. “Kama ni zima, panda. Twende.”

Nikapanda.

Sijui niandikeje. Gari lilinguruma, mgongo wangu ukaganda kwenye kiti. Kona zilikuja zikiwa zimeongozana. Yeye alikuwa mtulivu, akinisimulia wajawazito aliowawahi kwa gari hili, na mtoto mmoja aliyezaliwa palepale nilipokaa. Nikaanza kuinua makalio. Tulipokaribia njia panda, akauliza kwa upole:

“Mwanangu, ile taa nyekundu au kijani?”

Nikapiga ukelele: nyekundu! Tulikuwa tumeshapita. Lori likatupigia honi ndefu kama kilio. Ndipo akaniambia daktari wa macho amemkataza kuendesha, ndiyo sababu anauza. Jicho la upande wa abiria ndilo limefifia zaidi.

Upande wangu!

Nikafumba macho nikaungama yote: kichupa cha oili mfukoni mwa suruali, kutu, bei ya baiskeli. Kwa sauti kubwa. Tuliposimama mlangoni kwake, akauliza nilikuwa nasema nini kule njiani, injini ilikuwa na kelele. Nikajibu nilikuwa nasali. Akasema abiria wake wote husali. Hakushuka mara moja. Alikaa kitambo, mikono ikiwa usukanini.

Alisikia? Hakusikia?

Alhamisi, 6 Juni

Sijaenda kazini. Mnunuzi wa vyuma amerudishwa bila gari. Mama mkwe amempigia simu mke wangu, na amesema nisalimiwe sana. Sana! Kwa nini asiseme nisalimiwe tu?

Ijumaa, 7 Juni

Tumeitwa wakwe wote wawili. Mwanyumba alikuja na fundi. Injini nzima, breki nzima, rangi imepauka, kiti cha dereva kimechanika. Wakafika bei ya haki: si ya gari jipya, wala si ya baiskeli. Kisha mwanyumba, mroho yule, akaona matone sakafuni, akaomba punguzo.

Mama mkwe akasema hakuna punguzo. Matone yale hayakutoka kwenye gari, yalitoka kwenye suruali. Alisema bila hasira, akitazama kando yangu kidogo, pale alipodhani nimesimama.

Mwanyumba hakuelewa. Mke wangu alielewa.

Mwanyumba akalipa. Mama mkwe akaupapasa usukani mara moja, akakabidhi funguo, akaingia ndani bila kusubiri gari liondoke. Hakuna aliyemfuata. Nilitaka kumfuata mimi. Niliogopa.

Nalala sebuleni.

Jumapili, 9 Juni

Kochi hili limenipa nafasi ya kutafakari, na kosa langu nimelijua. Oili! Oili huonekana. Kelele haionekani. Kokoto tatu ndani ya kofia ya ringi, na mwanyumba ataamini gurudumu linang'oka. Ataogopa, atatafuta mkaguzi katika familia, na mkaguzi ni mimi. Nitamshauri aliuze upesi. Kwangu.

Kokoto nimeshachagua, zina mlio mzuri. Yeye hulala mchana wa Jumapili. Tatizo ni mbwa wake, mkubwa kama ndama. Lakini nimehakikishiwa kwamba mbwa huyo haumi wakwe. Aliyenihakikishia ni mwanyumba mwenyewe, tena huku akicheka.

Naenda.