Habari za Delbert Prochnow na Mnara wa Soseji

Jongeeni, enyi wanywaji, nanyi mlioapa kutokunywa jongeeni vilevile, vueni kofia zenu za sufi mketi, niwasimulie habari za Delbert Prochnow, simba wa kiwanda cha jibini, mshinda theluji, mwenye tumbo la heshima, aliyeingia vitani Jumapili moja kabla ya mechi, kule Wisconsin, katika baa ya shemeji yake Lorraine, na silaha yake ilikuwa nyanya iliyokamuliwa.

Kinywaji chenyewe chaitwa Bladi Meri, na asili yake imegombaniwa kuliko mipaka ya mashamba. Wako wasemao kilizaliwa Paris, wako waapao kwamba ni New York. Wenyeji wa mji ule wakawacheka wote, wakashikilia kwamba kilizaliwa palepale kaunta, mikononi mwa marehemu Elmer, kaka yake Delbert na mumewe Lorraine. Nyanya, ndimu, pilipili, mzizi mkali wa kukwaruzwa na vodka: hayo ndiyo maungo yake. Lakini kila mtu hutia na chake, na chake mtu wa kule ni mlo mzima wa mchana, umechomekwa vijiti juu ya glasi, hata mnywaji akitafute kinywaji chake kwa mikono miwili.

Tangu Elmer afariki, kaunta ya Jumapili haikuwa na mwenyewe, na siku hiyo Lorraine alitangaza kumchagua mrithi, yule ambaye Bladi Meri yake itashinda. Delbert alikuwa mgane, amestaafu, Jumapili hana pa kwenda. Akiikosa kaunta ile, atabaki na televisheni na paka asiyempenda. Aliiogopa Jumapili hiyo tupu kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Mbele yake alisimama Wayne Szymanski, jemadari wa bucha, ambaye glasi yake ilibeba kuku mzima wa kuchoma.

"Del, rudi nyumbani ukalishe paka!" Wayne akamrushia. "Hii vita ya wenye nyama."

"Kuku wako kakaa kama abiria aliyepanda basi silo," Delbert akajibu, akajitutumua. "Mimi, bwana, nina historia! Damu ya Elmer inapita humu!"

"Inapita wapi? Mbona mimi naona nyanya tu?"

"Nyie wazee, mechi inaanza," Lorraine akasema. "Leteni ninywe."

Wayne akaisukuma glasi yake kwa kishindo cha mshindi. Kuku akayumba, akainama, akajitupa sakafuni, na glasi ikamfuata. Baa nzima ikaguna.

Hapo ndipo Delbert alipoukunja mkono wa shati. Akasimika soseji kama nguzo, akapandisha jibini, tango la siki, yai, uyoga, tena soseji, huku jasho likimtiririka na pumzi ameibana, mpaka mnara ukasimama wala usitikisike. Akaubeba kwa mikono miwili, akauweka mbele ya shemeji yake.

Lorraine akaisogeza soseji, akalipindua tango, akakipata kinywaji, akanywa.

"Inanywika," akasema.

Nanyi msioijua nchi ile, jueni kwamba nyumba ikiwaka moto watu wake husema kuna kajoto. Sifa kubwa kama hiyo haikuwahi kutamkwa pale kaunta. Wanaume wakasimama. Wengine walivua kofia. Wayne aliinama kumwokota kuku wake, na Delbert akalia ndani ya kitambaa cha kufutia glasi, wala hakuona haya.

Alipojifuta machozi akaishika chupa ya vodka airudishe rafuni, na moyo ukamlipuka. Kizibo hakijafunguliwa! Soseji zilikuwa zimemshughulisha mno.

"Shemeji," akanong'ona, "nimeharibu. Sikutia vodka."

Lorraine hakugeuka hata uso. Alikuwa akijaza bia vigilasi vidogo, kwa kuwa ada ya kule ni kwamba Bladi Meri haiendi kwa mteja bila bia ya kuisindikiza.

"Elmer naye hakutia hata siku moja," akasema chinichini. "Vodka bei ghali. Ulidhani hii bia ya pembeni ni ya nini, kama si ya kuwalewesha? Funga mdomo, vaa aproni."

Delbert akafunga mdomo, akavaa aproni. Na kuanzia Jumapili hiyo kaunta ile tukufu ikapata mrithi wake halali, mwenye mapishi yaleyale ya kaka yake, wala hakuongeza hata tone.